Ziwa Pangong: upande wa China maji matamu, upande wa India chumvi. Ziwa moja linawezaje?

#1 MsomaRamani
Wakuu salaam. Ziwa Pangong liko kwenye uwanda wa juu kati ya Ladakh (India) na Tibet (China). Limejinyoosha km 134 hivi, wembamba mtupu, na hakuna mto unaotoka. Kila maelezo ya upande wa India yanasema ni ziwa la chumvi na halina samaki. Ukisoma ya upande wa China unaambiwa maji ni matamu, samaki wapo, na kuna kisiwa kimejaa ndege.

Maswali mawili. Moja, nini kinazuia maji yasichanganyike? Pili, kama ni la chumvi, linagandaje kila msimu wa baridi hadi magari yanapita juu?

Hoja yangu ya kuanzia: mawe ya magharibi yana chumvi, ya mashariki hayana. Nipingeni kwa vipimo, siyo kwa kelele.

#2 Kijiwe_cha_Maji
Wachina wamechuja maji yao kabla ya kuyapitisha mpakani. Uzi ufungwe.

#3 MamaKemia
Tuanze na namba. Mwisho wa mashariki maji yana gramu 0.68 za madini kwa lita. Mwisho wa magharibi gramu 11.02 kwa lita. Bahari ina kama 35. Kwa hiyo magharibi ni theluthi moja ya bahari, na mashariki ni maji ya kawaida yenye madini kidogo.

Muhimu zaidi, haya maji hayabadiliki ghafla mpakani. Chumvi inapanda taratibu kadiri unavyokwenda magharibi. Mito mikubwa inayolisha ziwa iko mashariki, upande wa Rutog (mji wa Tibet). Maji yanaingia matamu, yanasukumwa magharibi kwa sababu huko ndiko hakuna mto wa maana wa kuingiza, na njiani jua na upepo vinaondoa maji safi na kuacha madini. Anayefika mwisho wa safari ndiye mwenye chumvi. Mawe yanachangia, lakini hayahitajiki ili kueleza mpangilio huu.

#4 Tofali_Bichi
@MamaKemia shukrani, ila hujajibu la kuchanganyika. Beseni moja la maji likiwekwa chumvi kona moja, baada ya muda ni chumvi kote. Ziwa limekaa maelfu ya miaka. Kwa nini halijasawazika?

#5 Babu_wa_Topografia
Kwa sababu si beseni moja. Ukiangalia picha za setilaiti utaona ni mnyororo wa mabeseni yaliyounganishwa na milango myembamba. Hata wenyeji wana majina tofauti kwa vipande vya mashariki, kimojawapo Nyak Tso. Penye mlango mwembamba maji yakielekea upande mmoja mwaka mzima, hata kama ni pole pole, chumvi haipati nafasi ya kurudi nyuma. Kurudi kunataka mkondo wa kinyume au dhoruba yenye nguvu ya kupenya mlangoni.

Ziwa Balkhash la Kazakhstan ni kisa hicho hicho kilichogeuzwa. Mto Ili unaingia magharibi na kuleta sehemu kubwa ya maji yote, katikati kuna mlango wa Uzynaral wenye upana wa km 3.5 hivi na kina cha mita 6 hivi. Magharibi maji matamu, mashariki chumvi. Hakuna mpaka wa nchi hapo katikati, na bado limegawanyika.

Na nyumbani, Turkana. Omo inaleta kama asilimia 90 ya maji kutoka kaskazini, hakuna mto unaotoka, na ukielekea kusini chumvi inaongezeka kidogo. Ila Turkana ni beseni pana lenye upepo mkali, linachanganyika, ndiyo maana tofauti yake ni ndogo na wastani wake ni gramu 2.5 hivi kwa lita.

#6 Kijiwe_cha_Maji
Umetaja Turkana, sasa subirini watu wa Pembetatu ya Ilemi (eneo la ugomvi wa mpaka karibu na ziwa hilo) waingie, uzi utafika kurasa 40.

#7 Vipimo_Sahihi
Kabla hatujaenda mbali, tusahihishe mambo mawili yanayonakiliwa kila mahali.

Urefu kutoka usawa wa bahari: vibao na vipeperushi vya utalii vinaandika futi 14,270, yaani mita 4,350. Takwimu inayotumika zaidi sasa ni futi 13,862, yaani mita 4,225. Tofauti ya mita 125 si ndogo ukipanga dawa au ukipima mgandamizo wa hewa.

Mgawanyo: utasikia "theluthi moja India, theluthi mbili China". Hiyo ni ya udhibiti, nani ana askari wapi. Siyo mpaka uliokubaliwa. Hapo hakuna mpaka uliokubaliwa, kuna LAC, Mstari wa Udhibiti Halisi, na hata huo pande mbili zinauchora tofauti. Kwa hiyo @MsomaRamani kichwa cha uzi kinasema "upande wa China" na "upande wa India", sawa kwa mazungumzo, lakini ukiandika ripoti sema mashariki na magharibi.

#8 MsomaRamani
@Vipimo_Sahihi nimepokea. Kichwa kibaki, kimeshavuta watu.

Swali jipya limezaliwa. Kama maji yanaelekea magharibi, zamani yalikuwa yanatokea wapi? Maana linaonekana kama bonde la mto kabisa.

#9 Kokoto_na_Mchanga
Umeona vizuri. Ncha ya magharibi, karibu na Lukung, kuna bonde linaloendelea kuelekea Tangtse na mwisho Mto Shyok, ambao ni tawi la Indus. Zamani Pangong lilimwaga maji huko. Leo kizingiti kipo juu ya ziwa na njia imefungwa.

Ushahidi wa kwamba maji yalikuwa juu unaonekana kwa macho. Kandokando ya ziwa kuna mistari ya fukwe za kale, ngazi juu ya ngazi, na matabaka ya tope na mchanga laini wa ziwani yenye unene wa hadi mita 5 yakiwa nchi kavu sasa.

Nani alifunga? Maelezo ninayoyaunga mkono: makorongo ya pembeni yalimwaga mawe na udongo ndani ya bonde kuu. Mto ukiwa na nguvu unasafisha, ukidhoofika kwa ukame unashindwa. Hali ya hewa ikakauka, mto ukakosa nguvu, makorongo yakashinda.

#10 Barafu_Mzee
@Kokoto_na_Mchanga hilo ni wazo la kale na lilishapingwa zamani. Ellsworth Huntington aliandika mwaka 1906 kwamba bonde la Pangong lilichimbwa na mto wa barafu. Barafu inaweza kuchimba shimo lenye kina kuliko njia yake ya kutokea, kitu ambacho mto wa maji hauwezi. Ikiyeyuka inaacha shimo na kizingiti cha mwamba. Hapo huhitaji korongo limwage chochote, ziwa linajifunga lenyewe maji yakishuka chini ya kizingiti.

Jinsi ya kujua nani yuko sahihi ni rahisi kusema, ngumu kufanya: toboa kizingiti. Ukikuta mwamba karibu, ni barafu. Ukikuta mita na mita za kokoto, ni makorongo.

#11 Ufa_Mkubwa
Nyote mnasahau ardhi yenyewe inatembea. Ufa wa Karakoram unapita hapo hapo kwenye mkanda wa Pangong na Tangtse. Ni ufa wa kuteleza kwa mlalo, upande mmoja kwenda huku na mwingine kule. Bonde likikatwa na ufa wa namna hiyo, kipande cha chini kinaweza kuhama au kuinuka na njia ya mto ikafungwa. Hata umbo la ziwa, refu na lililonyooka, linafuata mwelekeo wa nyufa kuliko wa mto wa barafu.

#12 Kokoto_na_Mchanga
@Ufa_Mkubwa umbo la bonde ufa unaweza kulieleza, kufunga kwa mto mimi bado sikubali. Ufa unatembea milimita kwa mwaka. Mto wenye maji ya kutosha unakata mwamba kwa kasi hiyo hiyo au zaidi. Ili ufa ushinde, lazima kwanza mto uwe umekosa maji. Tunarudi kwenye ukame.

#13 Barafu_Mzee
Na mto wa barafu unapenda kufuata nyufa, maana mwamba uliosagika unachimbika kirahisi. Kwa hiyo umbo halimpi ushindi yeyote.

#14 Hesabu_za_Mkono
Niwape hesabu ya kuchezea, namba ni za mfano, zisinakiliwe. Chukua kipande cha magharibi, kina cha wastani mita 30, maji yanayopotea hewani mita 1 kwa mwaka, yanayoingia yana gramu 0.3 kwa lita.

Kila mita moja ya mraba inapokea lita 1,000 kwa mwaka, yaani gramu 300 za madini. Chumvi iliyopo sasa: mita 30 ni lita 30,000, mara gramu 11, ni kilo 330. Gawa 330 kwa 0.3, unapata miaka 1,100.

Yaani ukiamini namba hizi, ziwa lilifungwa juzi tu, wakati wenzetu hapo juu wanaongelea barafu ya maelfu ya miaka.

#15 MamaKemia
Hesabu safi, tafsiri siyo. Sehemu kubwa ya madini ya mito ile ni kalisi na bikaboneti, na hayo hayabaki majini. Maji yakizidi kukolea, kaboneti ya kalisi inadondoka chini kama ukoko wa birika. Kwa hiyo anayehesabu madini yote yaliyoingia anahesabu na yaliyolala kwenye tope. Fanya hesabu kwa kloridi peke yake, hiyo haidondoki kwa ukolezi huu. Umri utaongezeka sana.

Tena kila ziwa lilipopanda na kumwaga upya, saa ilirudishwa nyuma. Miaka utakayopata ni ya tangu mara ya mwisho kumwaga, siyo umri wa ziwa.

#16 Hesabu_za_Mkono
Kloridi ya mto wa Rutog nani anayo?

#17 MamaKemia
Hapo ndipo kazi inapokwama. Sampuli za ziwa zima kwa msimu mmoja zinahitaji mtu avuke LAC kwa mashua, na boti zilizopo ni za jeshi.

#18 Ufa_Mkubwa
Na msisahau chemchemi. Mkanda huo wa Ladakh una maji moto ya Puga na Chumathang yenye boroni nyingi, Puga watu walichimba boraksi tangu zamani. Maji ya chini yakipanda kwenye nyufa na kuingia ziwani, magharibi inapata madini ambayo hayakupita Rutog kabisa. @MsomaRamani hoja yako ya mawe bado inapumua.

#19 MuuzaChumvi_Uvinza
Samahani wanasayansi. Hiyo chumvi inavunwa? Gramu 11 kwa lita ni pesa au ni maneno?

#20 Vipimo_Sahihi
Ni maneno. Chumvi ya kula inaanza kujitenga maji yakifika kama gramu 360 kwa lita. Pangong ungelazimika kupunguza maji mara thelathini na zaidi, na ungepata kwanza kaboneti na salfeti, uchungu mtupu. Hata maji ya bahari yanakupa faida mara tatu kabla hujaanza.

Kwa Ladakh chumvi ilitoka Tso Kar, kusini zaidi, kama mita 4,530, ziwa dogo lenye kingo nyeupe. Wafugaji wa Changpa walikuwa wanaikusanya na kuibeba kwa wanyama kwenda kubadilishana na nafaka. Ukitaka kulinganisha na Katwe ya Uganda, linganisha na Tso Kar.

#21 MsomaRamani
Swali la pili mmelikimbia. Kuganda.

#22 Fizikia_ya_Mtaani
Nilikuwa nasubiri.

Maji matamu yana uzito mkubwa zaidi kwenye nyuzi 4. Yakipoa chini ya hapo yanakuwa mepesi, yanabaki juu, yanaganda juu, na chini kunabaki maji ya nyuzi 4. Ndiyo maana ziwa tamu linaganda haraka: unahitaji kupoza tabaka la juu tu.

Bahari ya gramu 35 haina bahati hiyo. Uzito wake mkubwa ungekuwa nyuzi -3.5, lakini inaganda kwenye -1.9. Kila tone linalopoa linazama, kwa hiyo lazima upoze maji mengi kwenda chini kabla ya barafu kushika.

Mpaka kati ya tabia hizo mbili ni gramu 24.7 kwa lita. Pangong lina 11. Uzito mkubwa uko karibu nyuzi 1.6, kuganda karibu -0.6. Kwa hiyo lina chumvi ya kuonja mdomoni lakini linaganda kwa tabia ya ziwa tamu. Ongeza usiku wa nyuzi -20 na chini yake kwa wiki mfululizo, hakuna muujiza.

#23 Tofali_Bichi
@Fizikia_ya_Mtaani hizo ni namba za chumvi ya bahari. Pangong lina salfeti na bikaboneti kwa wingi, uwiano si wa bahari.

#24 Fizikia_ya_Mtaani
Kweli, sehemu za desimali zitasogea. Ila kutoka 11 hadi 24.7 kuna nafasi kubwa mno, hitimisho halisogei.

#25 Dereva_wa_Theluji
Hapo pa magari kupita juu ya barafu niongeze tahadhari. Kanuni za barafu (sentimita 10 mtu mmoja, 20 hadi 30 gari dogo) zimeandikwa kwa barafu ya maji matamu, ngumu na angavu. Barafu ya maji ya chumvi inafungia ndani vijifuko vya maji makali ya chumvi, na vijifuko hivyo havigandi mapema. Kwa unene ule ule ni dhaifu. Ikiwa nyeupe kwa sababu ya theluji iliyoganda juu, hesabu nusu ya nguvu.

Mahali pa hatari ni pale vijito vinapoingia, Lukung mojawapo. Maji yanayotembea yanakula barafu kutoka chini na juu huoni kitu. Mahali pengine pa hatari ni kwenye mikunjo: barafu inapotanuka na kusukumana inapasuka na kuacha mfereji unaoganda juu juu.

Watu wamekimbia nusu marathoni ya km 21 juu yake, tarehe 20 Februari 2023, kutoka Lukung hadi Man, ikaandikwa kwenye rekodi za Guinness kama ya juu kuliko zote kwenye ziwa lililoganda. Ila njia ilipimwa kabla. Usione picha ukashusha gari.

#26 Kijiwe_cha_Maji
Sisi matope ya Jangwani, Dar, yanatushinda.

#27 Mpiga_Doria
Mbona hakuna anayegusa ugomvi wenyewe? Pale ndipo India na China walipouana mwaka 2020.

#28 Vipimo_Sahihi
Hapana mkuu. Tenganisha. Tarehe 5 Mei 2020 kulikuwa na mapigano ya ngumi na mawe ukingo wa kaskazini wa Pangong, watu wakajeruhiwa. Vifo vilitokea Bonde la Galwan tarehe 15 Juni 2020, kaskazini zaidi, askari 20 wa India, na China baadaye ikataja wanne wa kwake. Galwan ni mto, siyo ziwa.

#29 Babu_wa_Topografia
Na ukitaka kuelewa kwa nini Pangong, angalia ukingo wa kaskazini. Migongo ya mlima inashuka moja kwa moja majini, wanaiita Vidole, cha 1 hadi cha 8, ukihesabu kutoka magharibi. India inasema LAC iko Kidole cha 8. China inasema iko magharibi zaidi, kwa vitendo Kidole cha 4. Kati ya 4 na 8 ni kama km 8. China ilitengeneza barabara hadi Kidole cha 4 mwaka 1999, askari wa India walipokuwa wamehamishiwa vita vya Kargil dhidi ya Pakistan. India pale ilikuwa inapanda kwa miguu. Mwenye gari na mwenye miguu wakikutana kwenye mgongo mwembamba wenye ziwa upande mmoja, hakuna wa kupisha.

Usiku wa 29 kuamkia 30 Agosti 2020 India ikakamata vilele vya kusini mwa ziwa, karibu na kipito cha mlimani cha Rezang La. Hiyo ndiyo iliyoleta mezani makubaliano ya Februari 2021: China irudi mashariki ya Kidole cha 8, India ibaki kwenye kituo chake karibu na Kidole cha 3, katikati kusiwe na doria ya yeyote.

#30 Mpiga_Doria
Sawa @Vipimo_Sahihi, nimerekebishwa. Lakini ugomvi haukuanza 2020.

#31 Babu_wa_Topografia
Wala sikusema. Waingereza walichora mistari isiyofanana, wa Johnson 1865 na wa Macartney na MacDonald 1899, na hakuna uliotiwa saini na China. China ikamaliza barabara ya Xinjiang hadi Tibet kupitia Aksai Chin, eneo ambalo India nayo inalidai, mwaka 1957. Oktoba 1962 vita, na kituo cha Sirijap, ukingo wa kaskazini wa Pangong, kikaanguka. Aliyekiongoza, Meja Dhan Singh Thapa, alipewa nishani ya Param Vir Chakra, ya juu kabisa ya vita India, wakidhani amekufa. Alikuwa mateka, akarudi. Kile kituo cha Kidole cha 3 kimepewa jina lake.

#32 Tofali_Bichi
Turudi kwenye chumvi. China imejenga daraja karibu na ngome ya Khurnak, penye mlango mwembamba. India ililalamika rasmi Januari 2022. @Babu_wa_Topografia kwa nadharia yako ya milango, daraja litabadilisha chumvi?

#33 Babu_wa_Topografia
Inategemea ni la nguzo au la tuta. Nguzo zinapitisha maji, utapoteza kidogo tu. Tuta la mawe ndilo balaa. Ziwa la Chumvi la Utah, Marekani, lilikatwa na tuta la reli mwaka 1959. Kaskazini ambako hakuna mito kumekolea hadi karibu kikomo cha chumvi na maji yakawa ya waridi, kusini kukabaki hafifu. Desemba 2016 ilibidi wafungue pengo.

Cha kupima Khurnak ni upana uliobaki wazi baada ya miteremko ya kuingilia darajani kujazwa, siyo urefu wa daraja.

#34 Samaki_Nchanga
Na samaki? Inasemwa magharibi hakuna kwa sababu ya chumvi. Sikubali. Damu ya samaki wa maji matamu ina kama gramu 9 za chumvi kwa lita. Maji ya gramu 11 yanamzidi kidogo tu, wengi wanavumilia. Tilapia wa Magadi anaishi kwenye maji ya pH 10 hivi. Kijito cha Chushul kinachoingia upande huo huo wa India kina aina tatu za samaki, mojawapo Schizopygopsis stoliczkae na mbili za jamii ya Triplophysa. Kwa nini wasiteremke?

#35 MamaKemia
Mtu mzima kuvumilia ni jambo moja, yai kuanguliwa ni jingine. Na tilapia wa Magadi amezoea kwa maelfu ya miaka kwenye maji ya moto. Hawa wangelazimika kuzoea chumvi na barafu kwa pamoja.

#36 Samaki_Nchanga
Au chakula hakuna. Ufuko wa magharibi hauna majani wala matete, isipokuwa vinamasi viwili penye vijito. Ngoja aje mwenye sampuli za vijidudu vya majini.

#37 Mpanda_Kibo
Kwa wanaotaka kwenda, siyo kubishana. Kosa kubwa ni kulinganisha na Kilimanjaro. Pangong, mita 4,225, liko kati ya kambi za Horombo (3,720) na Kibo (4,720). Lakini Kilimanjaro unapanda kwa miguu. Ladakh ndege inakutupa Leh, mita 3,500, kwa saa moja na nusu kutoka Delhi.

Lala Leh usiku mbili kamili, bora tatu, bila kupanda popote siku ya kwanza. Kisha Bonde la Nubra, lipo chini kidogo ya Leh. Pangong mwisho. Barabara kutoka Leh inapita kipito cha Chang La, zaidi ya mita 5,300: usikae hapo juu zaidi ya dakika 20. Asetazolamidi (Diamox) kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwone daktari kwanza. Kichwa kuuma pamoja na kuyumba ukitembea, au kukohoa na kukosa pumzi umekaa, hapo hakuna kusubiri asubuhi, ni kushuka.

Vikopo vya oksijeni vinavyouzwa barabarani ni kujidanganya. Kopo la lita 10 kwa lita 2 kwa dakika ni dakika 5. Mtungi wa lita 10 uliojazwa bar 150 una lita 1,500, ni saa 12 na nusu. Uliza dereva ana mtungi gani, na ufungue uone kama mshale unasogea.

#38 Dereva_wa_Theluji
Ongeza: wageni wanahitaji kibali cha eneo la ulinzi, kinaombwa Leh kupitia wakala aliyesajiliwa. Chukua nakala kadhaa, kila kizuizi wanabaki na moja. Laini za simu za malipo ya kabla kutoka majimbo mengine ya India hazishiki Ladakh. Simu za setilaiti, pamoja na vile vifaa vidogo vya kutuma ujumbe wa dharura, ni kosa la jinai India bila kibali. Acha nyumbani.

Na saa: India na China wanatofautiana saa mbili na nusu. Saa sita mchana Spangmik (kijiji cha upande wa India) ni saa nane na nusu Rutog, jua lile lile.

#39 Kijiwe_cha_Maji
Yaani hata chakula cha mchana wanakula wakati tofauti, mnataka maji yafanane?

#40 Mpishi_wa_Kambi
Chakula umekitaja, maharage msibebe bila presha kuka. Pale mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 60, maji yanachemka nyuzi 86. Maharage utayachemsha kutwa na yatabaki na kiini kigumu. Presha kuka yenye uzito wa kilopaskali 100 inakupa jumla 160, maji yanafika kama nyuzi 113. Usawa wa bahari ingekuwa 120. Kwa hiyo loweka usiku ndani ya hema, siyo nje, yataganda, na ongeza nusu ya muda wa kawaida au zaidi. Maji ya ziwa usipikie, siyo kwa sumu, ni magadi na uchungu, chai inakuwa ya ajabu.

#41 Hesabu_za_Mkono
Kama kuna anayekwenda, atuletee kipimo. Kile kikalamu cha bei rahisi cha kupima madini kinafaa?

#42 MamaKemia
Kwa mashariki kinafaa, magharibi kinadanganya. Vingi vinaishia miligramu 9,990 kwa lita au chini ya hapo, na vinapima umeme kisha kuzidisha kwa 0.5 kana kwamba chumvi zote ni moja. Chukua mililita 10 za ziwa, ongeza 90 za maji yaliyosafishwa, soma, zidisha kwa 10. Itasoma juu kidogo ya ukweli, maana chumvi ikipunguzwa inapitisha umeme vizuri zaidi kwa kila gramu.

Njia ya uhakika ni mizani. Mililita 100, kausha kwa nyuzi 180, pima. Magharibi utegemee kama gramu 1.1, mashariki gramu 0.07, kwa hiyo mizani ya jikoni haitoshi, na mashariki tumia lita nzima. Nyuzi 105 hazitoshi, salfeti inabaki na maji yake. Na ukikausha, bikaboneti inapoteza karibu nusu ya uzito wake hewani, lazima uipime kando kwa asidi kabla, kisha urudishe.

#43 Hesabu_za_Mkono
Chupa ijazwe hadi juu kabisa au iachwe nafasi? Maana usiku itaganda.

#44 MamaKemia
Plastiki, acha nafasi ya sehemu moja ya kumi, usiweke ya kioo. Ikiganda usifungue na kumimina iliyoyeyuka kwanza, chumvi inakuwa kwenye maji hayo na barafu iliyobaki ni tamu. Subiri iyeyuke yote, tikisa, ndipo upime. Andika kwenye chupa umechota kina gani na mita ngapi kutoka mdomo wa kijito, la sivyo nitaitupa.

#45 Kijiwe_cha_Maji
Nauli nani anatoa?

#46 MuuzaChumvi_Uvinza
Siyo mimi, mmeshasema hailipi.